Uchaguzi wa Marekani 1860: Lincoln alipata kura chini ya 40% akawa rais. Watu wa Kusini walikuwa na haki ya kugoma?

#1 Profesa Uchwara

Wakuu habari za jioni. Kuna kitu kinanikera tangu nibishane na jamaa mmoja hapa ofisini. Siku zote tunaambiwa Lincoln alichaguliwa na Wamarekani 1860, halafu Kusini (majimbo yenye utumwa) wakaleta ukorofi wakajitenga. Sasa nimekaa nikaziangalia namba jamani. Wagombea walikuwa wanne: Lincoln wa Republican, Stephen Douglas wa Democrat upande wa Kaskazini, John Breckinridge wa Democrat upande wa Kusini, na mzee John Bell wa kachama kalikoitwa Constitutional Union. Lincoln kapata 39.8% ya kura za wananchi. Yaani watu sita kati ya kumi walimkataa. Kuna majimbo kumi ya Kusini hakuambulia hata kura moja. Ila kura za wajumbe (kila jimbo lina idadi yake, na kwa kawaida anayeongoza jimbo anazoa zote) akazoa 180 kati ya 303, zilikuwa zinatakiwa 152 tu, huyoo ikulu.

Hoja yangu: alipita kwa sababu wapinzani waligawanyika, basi. Wangesimamisha mtu mmoja ikulu angeisikia redioni (najua redio ilikuwa haijaja, msianze). Na kama ni hivyo, mtu wa Kusini anayetangaziwa rais ambaye kwao hana kura hata moja, alikuwa na haki ya kusema huyu sio wangu au hakuwa nayo? Karibuni, matusi hapana.

#2 Chupa ya Chai

Nimewahi siti ya mbele. Wajuzi mje.

#3 Omosh wa Umoja

Hiyo ni 1992 yetu Kenya kabisa. Moi alipata kama 36% hivi, FORD ikapasuka vipande viwili, Matiba huku, Jaramogi kule, Kibaki naye na DP yake pembeni. Jumlisha kura zao uone, walimshinda mbali sana. Mkigawana mnatawaliwa, hakuna siri hapo.

#4 mwalimu_wa_zamu

Omosh mfano mtamu ila hauingii. Profesa, kujumlisha umejumlisha, tatizo ni kwamba rais wa Marekani hapatikani kwa jumla ya nchi nzima, anapatikana jimbo kwa jimbo. Lincoln katika karibu majimbo yote aliyoshinda alipita nusu peke yake. Pale ambapo hakufika nusu ni California, Oregon na New Jersey. Haya mnyang'anye zote: California 4, Oregon 3, New Jersey 4 alizopata (zile 3 nyingine za New Jersey alichukua Douglas). 180 toa 11 inabaki 169. Bado yuko juu ya 152. Kwa hiyo Douglas, Breckinridge na Bell hata wangekula sahani moja mtu alikuwa anaapishwa. Na New York yenye kura 35 waliungana kweli, wakaweka orodha moja ya wajumbe dhidi ya Lincoln, wakapigwa.

Siri iko kwenye idadi ya watu. Majimbo yasiyo na utumwa yalikuwa 18 yenye kura za wajumbe 183, yenye utumwa 15 yenye kura 120. Wajerumani, Waairishi, kila meli inayotia nanga inashusha watu Kaskazini. Kusini walikuwa wanaona hesabu hiyo inavyokwenda miaka mingi kabla ya 1860, Lincoln alikuwa ni bili imefika mezani tu.

#5 Profesa Uchwara

Mwalimu heshima yako, ila hesabu yako inachukulia kwamba kila mtu angepiga kura vilevile. Siasa haiendi hivyo. Democrat wangetoka kwenye mkutano wao wa kuteua mgombea kule Charleston wakiwa kitu kimoja, na mgombea mmoja, na pesa moja, kuna watu Pennsylvania na Indiana waliompa Lincoln kwa sababu waliona Democrat wamekwisha. Mtu anapenda kupanda basi lenye abiria. Huwezi kuchukua matokeo ya chama kilichovunjika ukasema hata kisingevunjika yangekuwa yaleyale.

#6 DerevaWaMasafa

Mimi niko huku Ohio naendesha malori, Kusini nashuka mara nyingi. Kuna mzee mmoja tunapakia nae mzigo, mzaliwa wa Mississippi, mtu mzuri sana tunaitana kaka. Siku nimemgusia vita yao ya wenyewe kwa wenyewe akawaka: sio utumwa, ni haki za majimbo na ushuru, Kaskazini walikuwa wanawakamua. Kila ukimjibu ana kitabu. Sasa naombeni mnisaidie mambo mawili nikamjibu vizuri. Moja ni hilo la ushuru. La pili, haya majimbo kumi aliyosema Profesa, ilikuwaje Lincoln asipate hata kura moja? Hata kichaa mmoja hakuwepo?

#7 Binti Ngamiani

Kaka dereva, wakati ule serikali haikuchapisha karatasi za kura. Chama ndo kinachapisha karatasi yake yenye majina ya wajumbe wake, mara nyingine ya rangi ili ionekane kwa mbali, kinakugawia barabarani au inatoka kwenye gazeti la chama, wewe unaibeba unaitumbukiza mbele ya kila mtu. Kura ya siri Wamarekani walikuja kuianza mwishoni mwa miaka ya 1880. Sasa Mississippi au Georgia nani angethubutu kufungua ofisi ya Republican achapishe karatasi? Hakuna chama, hakuna karatasi, hakuna kura. Na moja kati ya hayo kumi, South Carolina, wananchi hawakupiga kura ya urais kabisa, wabunge wa jimbo ndo walichagua wajumbe. Kwa hiyo Profesa usiseme "walimkataa" kana kwamba walipewa nafasi ya kumkubali.

Virginia ndo ya kutisha. Kule ilikuwa unapiga kura kwa mdomo. Unasimama mbele ya meza, karani kakaa na daftari, majirani wamejaa, mwenye duka unayekopa yuko pale, mwenye shamba unalopanga yuko pale, unataja jina kwa sauti linaandikwa mbele ya jina lako. Na bado kuna watu kama 1,900 walisimama wakasema Lincoln. Wengi ni wa ile ncha ya kaskazini-magharibi karibu na Wheeling, sehemu ambayo baadae ikajikata ikawa West Virginia. Kentucky alikozaliwa mwenyewe walimpa 1,364. Missouri kapata kama 17,000, hao wengi ni Wajerumani wa St. Louis.

#8 Mkurya Mpole

Samahani naingia kati, huyu Douglas si ndo yule mtumwa aliyetoroka akawa mhutubu mkubwa? Sasa anagombeaje kwa Democrat tena?

#9 Chupa ya Chai

Hahahaaa uzi umeanza kunoga

#10 mwalimu_wa_zamu

Mkurya, hao ni wawili. Frederick Douglass mwenye s mbili ndo aliyetoroka utumwani Maryland. Stephen Douglas mwenye s moja ni seneta mzungu wa Illinois, mfupi, sauti kama ngoma. Walimwita Jitu Dogo. Huyu ndo aliyeshindana na Lincoln kwa useneta 1858, midahalo saba, akamshinda.

Na huyu s moja ndo ufunguo wa mambo yote. 1854 alipitisha sheria ya Kansas na Nebraska, akafuta mstari wa mwaka 1820 uliokuwa unazuia utumwa kaskazini ya nyuzi 36 na nusu, akasema wakazi wa eneo jipya waamue wenyewe wanataka utumwa au hawataki. Alidhani kaja na dawa. Matokeo yake Kansas watu wakauana, na Republican wakazaliwa kwa hasira ya sheria hiyo. Halafu 1857 Mahakama ya Juu chini ya Jaji Taney kwenye kesi ya Dred Scott, mtumwa aliyedai uhuru wake, ikasema Bunge halina mamlaka ya kuzuia utumwa kwenye maeneo mapya, na kwamba mtu mweusi si raia. Kusini wakashangilia. Lincoln akamtega Douglas kwenye mdahalo wa Freeport: je, wakazi bado wanaweza kuzuia? Douglas akajibu ndio, wasipotunga sheria za kuulinda huo utumwa utakufa wenyewe. Illinois likamsaidia jibu hilo, Kusini likamzika. Juu yake akakataa katiba ya kijanja ya Lecompton iliyotaka Kansas iingie na utumwa. Kuanzia hapo kwa watu wa Kusini Douglas na Lincoln walikuwa baba mmoja mama mmoja.

#11 Nyakati Ngumu

Wote mnazungumza kana kwamba Democrat walipasuka kwa bahati mbaya. Walipasuliwa. Kulikuwa na kundi la wakereketwa wa kujitenga, kiongozi wao William Yancey wa Alabama, hawa walitaka nchi ivunjike na walijua haivunjiki mpaka chama kivunjike kwanza maana ndo kilikuwa chama pekee chenye miguu pande zote mbili.

Angalieni mkutano wa Charleston, Aprili 1860. Mji wenyewe moyo wa utumwa, joto, hoteli zinakamua, wajumbe wa Kaskazini hela zinawaishia. Yancey anadai ilani iseme serikali kuu LAZIMA ilinde utumwa maeneo yote mapya. Watu wa Douglas wanajua wakilikubali hilo warudi kwao wakafanye kazi nyingine, maana hakuna mpiga kura Ohio wala Illinois atakayewapa. Ilani ya Douglas ikapita, Alabama wakasimama wakatoka, wakafuatwa na majimbo ya pamba, wajumbe kama 50 hivi. Na sheria yao mgombea lazima apate theluthi mbili ya wajumbe WOTE, hata waliotoka wanahesabiwa. Wakapiga kura raundi 57. Hamsini na saba! Douglas kila raundi anaongoza na kila raundi hatoshi. Wakafunga mafaili wakaenda kukutana tena Baltimore Juni, nako wakapasuka upya, wakatoka na wagombea wawili.

Ukumbi ule wa Charleston unaitwa Institute Hall. Desemba 20 mwaka huohuo, ukumbi uleule, South Carolina wakasaini hati ya kujitenga. Msiniambie ni bahati mbaya.

#12 Omosh wa Umoja

Raundi 57 na mimi nachoka na mchujo wa MCA (diwani wa kaunti) wa siku moja

#13 Profesa Uchwara

Nyakati Ngumu umenisaidia bila kutaka. Kama Yancey ndo alikivunja chama, basi nilichosema mimi ndo hicho, mgawanyiko umemuingiza Lincoln.

#14 Nyakati Ngumu

Sijakusaidia wewe. Nimesema alitaka Lincoln aingie ili apate sababu. Wewe unasema walipoteza, mimi nasema wengine walipata walichokitafuta.

#15 Binti Ngamiani

Narudi kwa kaka dereva na ushuru wake. Mwambie yule mzee hivi: ushuru wa forodha uliokuwepo siku ya uchaguzi ni wa 1857, na ulikuwa wa chini, Kusini wenyewe waliupigia kura. Ule mkali, wa Morrill, ulikuwa umepita bunge la chini tu, Seneti ukakwama. Ulikuja kuwa sheria Machi 1861 BAADA ya maseneta wa Kusini kufunga mabegi na kuondoka, na aliyeusaini ni Buchanan, Democrat. Wangebaki vitini mwao wangeuzuia. Mtu anakimbia mvua kabla ya wingu?

Na haki za majimbo, mwambie asome hati ya South Carolina yenyewe. Malalamiko yao makubwa ni kwamba majimbo ya Kaskazini yanatunga sheria za kukataa kuwarudisha watumwa waliotoroka. Sasa hapo nani anatumia haki ya jimbo? Kusini walikuwa wanadai serikali kuu iyabane majimbo ya wenzao. Wakalalamika pia kwamba wenzao wanawapa weusi uraia. Mississippi kwao anakotoka huyo mzee hawakuzunguka kabisa, hati yao imeanza na kusema msimamo wao umefungamana na utumwa, mali kubwa kuliko zote duniani. Ushuru hata haupo. Walioandika walikuwa hawaoni haya, haya wameona wajukuu.

#16 DerevaWaMasafa

Asante dada. Nitampelekea ila najua atakuja na kingine.

#17 Sharifu wa Malindi

Asalaam alaykum. Mimi ni mtu wa Unguja, ukoo wetu umeuza vitambaa Darajani tangu enzi, ndio nikaja kuzijua habari hizi. Kuna kipande mnakiruka na kinatuhusu.

Hiyo pamba mnayoisema ilikuwa zaidi ya nusu ya thamani ya bidhaa zote Marekani ilizouza nje. Nyingine ilikwenda Uingereza, na nyingine ilipanda kwenda Massachusetts kwenye viwanda vya Lowell na Salem, ikafumwa ile shuka nzito isiyopaushwa, merikani. Meli za Salem zikaileta Unguja. Sayyid Said alifanya mkataba na Wamarekani mwaka 1833, na balozi wao mdogo akaanza kazi hapa 1837. Merikani ndiyo iliyokuwa fedha ya bara. Wapagazi wanaifunga mizigo Bagamoyo wanakwenda nayo Unyanyembe, wanakwenda nayo Ujiji, ukitaka chakula njiani unakata mikono kadhaa, ukitaka kupita kwa mtemi unalipa hongo kwa merikani, ukitaka pembe unanunua kwa merikani, na ukitaka mtu unanunua kwa merikani. Basi fikirini wenyewe. Pamba kavuna mtumwa Alabama, inakuja kumnunua mtumwa Manyema.

Na meli zile hazikurudi tupu. Zilibeba pembe zikachongwa vitufe vya piano Connecticut, zikabeba sandarusi (gundi ya miti) ikasafishwa Salem kwa ajili ya vanishi. Hayo ndiyo majimbo yaliyomchagua Lincoln kwa kishindo, wenye piano zao sebuleni na mahubiri ya kupinga utumwa kanisani. Sisemi hawakuwa wakweli. Nasema mkono mmoja ulikuwa haujui wa pili unafanya nini, au ulijua.

Vita ilipoanza 1861 manowari za Kaskazini zikaziba bandari za Kusini, pamba ikakatika, merikani ikaadimika hapa ikapanda bei, na vitambaa vya Manchester na Bombay vikaingia mahali pake. Wafanyabiashara wa Salem soko la Unguja hawakulishika tena kama zamani. Soko la watumwa la Unguja nalo likaendelea mpaka 1873.

#18 Chupa ya Chai

Sharifu nimesoma mara mbili. Shikamoo.

#19 Mkurya Mpole

Tumetoka Illinois tumefika Ujiji. Hii ndo raha ya jukwaa hili. Ila shehe usisahau na sisi tulikuwa na wenyewe waliouza, tusiwaachie Wamarekani peke yao.

#20 Sharifu wa Malindi

Sijasahau bwana. Karafuu za Unguja na Pemba hazikujichuma.

#21 Kidato cha Tano

Wakubwa mimi nina mtihani wa historia. Tuliandikishwa ubaoni kwamba Kusini waliogopa Lincoln atafuta utumwa. Nimesoma humu wengine wanasema hakutaka kufuta. Niandike nini?

#22 mwalimu_wa_zamu

Mwanangu andika alichosema: hatagusa utumwa pale ulipo, ila hauendi maeneo mapya. Ndo ilani ya Republican ya Chicago, pamoja na ardhi ya bure kwa walowezi, reli ya kwenda Pasifiki na ushuru wa kulinda viwanda. Mpaka 1861 kuna marekebisho ya katiba yalipita Bunge ya kuuhakikishia utumwa usiguswe majimboni na Lincoln hakuyapinga. Kusini hawakushawishika.

Kwa nini? Mimi naamini walikuwa wanaangalia posta. Msicheke. Rais ndiye aliyekuwa anateua kila bwana posta, kila mtu wa forodha, mahakimu wa serikali kuu, nchi nzima, maelfu ya ajira. Tangu miaka ya 1830 mabwana posta wa Kusini walikuwa wanazuia magazeti ya kupinga utumwa yasiwafikie watu. Sasa Lincoln akiteua bwana posta wake kwenye kamji ka Georgia, magazeti yanapita. Na huyo bwana posta anakuwa mbegu ya Republican pale kijijini, anaanza kuongea na wazungu maskini wasio na mtumwa hata mmoja, na hao ndo wengi. Baada ya miaka minne unakuwa na karatasi za kura za Republican Georgia, zile ambazo Binti Ngamiani amesema hazikuwepo. Bwana wa watumwa 100 hakumuogopa mtumwa wake tu, alimuogopa jirani yake mzungu asiye na kitu.

#23 Nyakati Ngumu

Posta kweli mwalimu? Watu wanaendea vita kwa sababu ya stempu?

#24 Bibi Tumaini

Mnaongea sana wanaume, hofu ilikuwa hofu ya kuchinjwa tu. Oktoba 1859 John Brown, mzungu mpinga utumwa, alivamia ghala la silaha Harpers Ferry awape watumwa bunduki, akanyongwa Desemba, Kaskazini baadhi ya makanisa wakapiga kengele kumuombolezea. Mtu wa Kusini anasikia kengele hizo anawaza nini? Halafu kiangazi cha 1860 chenyewe, katikati ya kampeni, Dallas ikaungua, Julai 8, na moto ukatokea na miji mingine Texas. Jua lilikuwa kali kupita kiasi na kulikuwa na viberiti vipya vya fosforasi vinavyojiwasha vyenyewe dukani. Lakini nani atasikiliza kiberiti? Wakasema ni watumwa na wahubiri wa Kaskazini. Dallas wakanyonga watumwa watatu. Magazeti ya Kusini yote yakabeba hadithi hiyo mpaka Novemba. Watu wamepiga kura wakiwa na bunduki chini ya mto. Haya yenu ya posta na asilimia ni ya wasomi.

#25 Binti Ngamiani

Bibi Tumaini hilo la Texas ni kweli na watu wengi hawalijui. Ila naona bado ni utumwa uleule, hofu ni mtoto wake. Mtumwa mwenye nguvu New Orleans mwaka huo alikuwa anauzwa kama dola 1,800. Watumwa karibu milioni nne, thamani yao kwenye vitabu zaidi ya dola bilioni 3, kuliko reli na viwanda vyote vya nchi vikijumlishwa. Ukimwambia mtu mali yako haitaenda popote zaidi ya hapa ilipo, unaishusha bei leoleo.

#26 Mkurya Mpole

Ila tusiwape Kaskazini mbawa za malaika. Siku ileile ya uchaguzi, Novemba 6, wapiga kura wa New York waliulizwa pia kama waondoe sharti la mtu mweusi kuwa na mali ya dola 250 ndo apige kura (mzungu hakuwa na sharti hilo). Wakampa Lincoln jimbo, na hilo la weusi wakalikataa kwa mbali. Siku moja hiyohiyo. Huyu Douglass wa s mbili aliishi Rochester humohumo New York, sijui alilala vipi usiku ule. Mwalimu unaona sasa nimewatenganisha.

#27 mwalimu_wa_zamu

Umefaulu, kaa chini.

#28 Chupa ya Chai

Na ndevu je? Kwenye picha za kampeni hana ndevu

#29 Omosh wa Umoja

Msichana wa miaka 11 huko New York, Grace Bedell, alimwandikia barua Oktoba akamwambia uso wako umekonda sana fuga ndevu, wanawake wanapenda, watawashawishi waume zao wakupigie. Jamaa akafuga. Mshauri wa kampeni wa bei rahisi kuliko wote.

#30 Profesa Uchwara

Jamani turudi. Hakuna aliyenijibu swali la haki. Tuchukulie sababu yao ilikuwa mbaya, ya utumwa, sawa. Je, kanuni? Sehemu nzima ya nchi inatawaliwa na mtu ambaye hawakumpa kura hata moja. Leo likitokea kwenu mtakubali?

#31 Binti Ngamiani

Sehemu nzima ya nchi, unamhesabu nani? South Carolina mwaka 1860 watumwa walikuwa 57% ya watu wote. Mississippi 55%. Ukiniambia "watu wa South Carolina hawakumtaka Lincoln" unaongelea watu wa jimbo ambalo zaidi ya nusu ya watu wake hawakuulizwa, na hata wazungu hawakupiga kura ya rais. Hao waliofungiwa wangeulizwa ungekuwa unaandika uzi mwingine.

Tena kuna jambo linaniudhi zaidi. Katiba ilikuwa inawahesabu hao watumwa kila watano kama watu watatu kwenye kugawa viti vya bunge na kura za wajumbe. Kwa hiyo wale wajumbe 72 wa Breckinridge, sehemu yao ni kura za watu waliofungwa minyororo, zinapigwa na mwenye mnyororo. Kwa mpango huo walikaa ikulu: kuanzia Washington mpaka 1860, karibu miaka 50 nchi iliongozwa na marais wenye watumwa. Miaka yote hiyo Kaskazini wakishindwa wanakwenda nyumbani. Mara ya kwanza Kusini kushindwa kwa kweli, siku 44 tu South Carolina imeshatoka. Lincoln hata hajaapishwa, ataapishwa Machi.

Na watumwa walijua. Booker T. Washington alikuwa mtoto mdogo shambani Virginia, alikuja kusimulia ukubwani kwamba hata mashamba yaliyokuwa mbali na reli na magazeti watumwa walifuatilia kampeni ile na kujua kinachobishaniwa, habari zinapita mdomo kwa mdomo usiku.

#32 Profesa Uchwara

Wanawake nao hawakupiga popote, Kaskazini wala Kusini. Tukianza kuhesabu waliofungiwa hakuna serikali ya 1860 itakayobaki halali, hata ya Lincoln. Mimi nauliza kwa sheria za wakati wao.

#33 Bibi Tumaini

Kwa sheria za wakati wao alishinda, kura 180. Swali limekwisha mwanangu.

#34 Nyakati Ngumu

Kuna mtu mmoja namhurumia na kumcheka pamoja. Breckinridge. Huyu alikuwa makamu wa rais aliyeko madarakani, kwa hiyo ndiye mwenyekiti wa Seneti. Februari 13, 1861, majimbo saba yameshatoka, mji umejaa uvumi kwamba watu watavamia hesabu isifanyike, na yeye ndo kakaa kiti cha mbele anafungua bahasha moja moja, mwishowe anatangaza kwa mdomo wake kwamba Abraham Lincoln amechaguliwa rais. Akatangaza vizuri tu bila kigugumizi. Baada ya hapo akaenda kuwa jenerali wa waasi.

Na Douglas ndo mwanaume wa uchaguzi ule mnisamehe. Wagombea wengine walikaa majumbani kama desturi ilivyokuwa, yeye akazunguka. Oktoba alipoona Pennsylvania na Indiana zimeenda kwa Republican kwenye uchaguzi wa magavana akamwambia katibu wake Lincoln ndo rais, twende Kusini tukaokoe nchi. Akashuka mpaka Alabama kuwaambia watu usoni msijitenge. Usiku wa matokeo yuko Mobile. Juni iliyofuata amekufa.

#35 mwalimu_wa_zamu

Mtu huyohuyo ndo aliyewasha moto Kansas 1854, usimpambe sana.

#36 DerevaWaMasafa

Wakuu nimerudi, nimeongea na yule mzee wakati tunasubiri kupakuliwa. Ile hati ya Mississippi kanisomea mwenyewe kwenye simu, akanyamaza, halafu akaja na hili, nami sina jibu: kama ni utumwa tu, mbona Virginia, Kentucky na Tennessee zilimpa Bell, ambaye ilani yake ilikuwa Katiba na Muungano na basi, hakugusa utumwa kabisa? Na Virginia ndo ilikuwa na watumwa wengi kuliko jimbo lolote. Na Kentucky, Maryland, Delaware na Missouri zilikuwa na watumwa na hazikutoka mpaka mwisho.

#37 mwalimu_wa_zamu

Mzee wako sio mjinga. Ongeza na hili: sehemu nyingi wazungu maskini wa milimani ndo waliompigia Breckinridge kwa sababu ni Democrat tangu babu zao, na matajiri wenye watumwa wengi walikuwa watu wa Whig, chama kilichokuwa kimeshakufa, wakaenda kwa Bell. Miezi michache baadae kwenye kura za kujitenga ikageuka, wilaya za watumwa wengi zikataka kutoka, za milimani zikakataa. Kwa hiyo ukitumia kura za Novemba kupima nani alitaka nini unapotea.

#38 Nyakati Ngumu

Ndo nilichosema, kikundi kidogo kiliwaburuza.

#39 Binti Ngamiani

Au waliona Bell ndo njia ya kubaki na watumwa wao bila vita. Mwenye mali nyingi mpakani anaogopa vita kuliko wote, ikianza inapita kwake. Na Virginia si ikatoka Aprili baada ya waasi kushambulia ngome ya Sumter?

#40 Profesa Uchwara

Ikatoka baada ya Lincoln kuita askari 75,000, dada, sio baada ya uchaguzi. Hapo hamjanijibu bado. Naenda kula, nikirudi naanza na Tennessee.